BAADA YA MATANGA: WAJIBU WA CHAMA KWA NDUGU ALIYEUGUZA

Katika vyama vya ushirika vya Mwanza na pwani yote ya Ziwa, jambo la kuzikana halihitaji kufundishwa. Mwanachama akifiwa, habari humfikia katibu kabla jua halijatua. Daftari la rambirambi hufunguliwa, viti na turubai huletwa, kina mama hupangana zamu za kupika, na vijana huenda kuchimba kaburi. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, kwa maana kwamba msiba ukibebwa na watu wengi uzito wake hupungua.

Hata hivyo msiba wa namna hiyo una siku zake. Baada ya siku tatu au nne matanga huanuliwa, turubai hukunjwa, sufuria hurudishwa kwa wenyewe, na kila mtu hurejea katika shughuli zake. Anayebaki katika nyumba ile ni yule aliyekuwa akimwuguza marehemu. Kwake yeye msiba haujaisha. Kwa namna nyingi ndio kwanza unaanza. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hali huwa hivyo, na jambo gani chama cha msingi kinaweza kulifanya bila ya kungoja fedha nyingi wala amri kutoka juu.

MWUGUZAJI NI NANI

Mwuguzaji anayezungumzwa hapa si muuguzi wa hospitali aliyesomea kazi yake. Ni mke, mume, binti, mwana, dada au bibi aliyejikuta amekabidhiwa mgonjwa nyumbani. Maradhi yanayodai uuguzaji wa muda mrefu yameongezeka: kiharusi, kansa, kisukari kilichokwisha kuharibu miguu au figo, selimundu kwa watoto, na uzee wenyewe unapomfanya mtu asahau hata majina ya wanawe. Hospitali ya Bugando hupokea wagonjwa kutoka kanda nzima ya Ziwa, lakini hakuna hospitali iwezayo kumlaza mgonjwa wa miaka mitatu kwa miaka mitatu. Mgonjwa hurudi nyumbani, na hapo nyumbani kazi humwangukia mtu mmoja.

Na ufikiriwe mfano wa kubuni, usiomhusu mtu yeyote hasa, ila ambao kila katibu ataona kwamba anaufahamu. Katika kata ya Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza kando ya barabara iendayo Shinyanga, anaishi binti wa makamo ambaye mama yake alipigwa na kiharusi. Kwa muda wa miaka mitatu binti huyo ameamka saa nane za usiku kumgeuza mama ubavu ili asipate vidonda vya kulalia. Amemlisha uji kwa kijiko, amefua mashuka kila alfajiri, amebeba daftari la kliniki katika daladala kwenda Bugando na kurudi. Shamba lake la pamba lililoko Misungwi amelikodisha mara mbili, na mara ya tatu limelala. Katika mkutano mkuu wa chama jina lake limesomwa miongoni mwa wasiohudhuria. Kisha mama akafariki. Watu walikuja, wakalia naye, wakatoa rambirambi, wakaondoka. Usiku wa tano akaamka saa nane kama kawaida, akakaa kitandani, akakumbuka kwamba hakuna wa kumgeuza.

KUFIWA MARA MBILI KWA SIKU MOJA

Jambo la kwanza linalopasa kueleweka ni kwamba mwuguzaji hufiwa mara mbili kwa siku moja. Amempoteza mpendwa wake, na papo hapo amepoteza kazi iliyokuwa imeijaza siku yake tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Ndugu wengine waliofika mazishini wamefiwa na mama tu. Wakirudi Geita, Dar es Salaam au Musoma wanakuta kazi zao zikiwangoja. Aliyeuguza hakuti kitu. Saa ya dawa hufika na dawa haina wa kuinywa. Mikono hukosa la kufanya. Hata watu aliowazoea, kama muuguzi wa kliniki, mwenye duka la dawa na wenzake wa kwenye foleni, hana tena sababu ya kuonana nao.

Aidha, mila hupima huzuni kwa daraja la undugu, na haipimi kwa kazi iliyofanyika. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na jamii huheshimu muda huo. Dada au binti aliyeuguza hana zaidi ya siku tatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya siku 4 zenye malipo anapofiwa na mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu wa karibu. Siku hizo ni sawasawa kwa aliyekuja mazishini kwa basi na kwa aliyelala chini pembeni ya mgonjwa kwa miaka. Hakuna lawama katika hilo, kwa kuwa sheria na mila haziwezi kuingia kila chumba. Chama kinachowajua wanachama wake kwa sura na kwa majina kinaweza kuona kile ambacho sheria haikioni.

NAFUU NA MAJUTO

Liko jambo ambalo waliouguza hulificha kuliko yote. Mgonjwa aliyeteseka sana anapofariki, aliyemwuguza huhisi nafuu. Analala usingizi mzima kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na akiamka anajichukia kwa sababu amelala. Hudhani kwamba yeye peke yake ndiye mwenye moyo mbaya namna hiyo.

Ukweli ni kwamba jambo hilo ni la kawaida. Mwaka 2003 jarida la tiba la New England Journal of Medicine nchini Marekani lilichapa uchunguzi wa Richard Schulz na wenzake juu ya watu 217 waliowauguza nyumbani jamaa wenye ugonjwa wa kupotewa na akili uzeeni, hadi jamaa hao wakafariki. Nusu ya wauguzaji hao walikuwa wakitumia saa 46 au zaidi kwa wiki katika kazi hiyo. Baada ya kifo, watu 72 katika kila 100 walikiri kwamba kifo kile kilikuwa nafuu kwao wenyewe, na zaidi ya 90 katika kila 100 waliona kuwa kilikuwa nafuu kwa mgonjwa. Hao walikuwa watu waliowapenda jamaa zao na kuwatumikia. Nafuu na upendo hukaa katika moyo mmoja bila ya kimoja kukifukuza kingine.

Uchunguzi huo ulileta pia habari ya kutia moyo. Huzuni nzito iliyokuwa imewabana wauguzaji wakati wa ugonjwa ilianza kupungua kwa kiasi kikubwa katika muda wa miezi 3 baada ya kifo, na ulipotimia mwaka mmoja ilikuwa chini sana kuliko siku za kuuguza. Kwa hiyo wengi hupona, ingawa si wote, na hakuna aponaye kwa siku tatu.

Pamoja na nafuu huja majuto. Mwuguzaji hurudia siku za mwisho katika mawazo yake: laiti angempeleka hospitali siku moja mapema, laiti asingemkaripia siku ile alipomwaga uji. Hapa wenzake wanaweza kumsaidia kwa kumkumbusha jambo moja la haki, kwamba anajihukumu leo kwa maarifa ambayo siku ile hakuwa nayo, na kwa nguvu ambazo mwili uliokesha haukuwa nazo.

HUZUNI HUENDA NA KURUDI

Wako wanaodhani kwamba mfiwa hana budi kupita ngazi moja baada ya nyingine hadi afike juu, na kwamba akirudi kulia baada ya kucheka amerudi nyuma. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza jambo hili kwa njia iliyo karibu zaidi na mambo yalivyo. Walisema mfiwa hushughulika na mambo mawili kwa zamu. Kuna wakati huukabili msiba wenyewe: hulia, hutazama picha, hukumbuka. Na kuna wakati huyakabili maisha: hulipa deni, hupalilia, hujifunza kazi iliyokuwa ikifanywa na marehemu. Kwenda huku na kurudi kule ndiko kupona kwenyewe. Mtu anayelia tu hudhoofika, na mtu anayefanya kazi tu ili asikumbuke hufikiwa na machozi baadaye.

Mkulima hatapata taabu kulielewa jambo hili. Hakuna anayelima mwaka mzima bila ya kupumzika, wala anayepumzika mwaka mzima akavuna.

HATARI TATU ZA KUANGALIWA

Hatari ya kwanza ni mwili. Aliyemwuguza mwenzake mara nyingi amejisahau yeye. Ana shinikizo la damu lisilopimwa, mgongo ulioumia kwa kumbeba mgonjwa, au dawa zake mwenyewe alizoacha kuzichukua ili nauli itoshe kwa mgonjwa. Apimwe katika zahanati au kituo cha afya mapema.

Hatari ya pili ni maneno. Katika Usukuma inajulikana, na haifai kufichwa, kwamba wanawake wazee wamepata kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi tuhuma hizo zilianza nyumba ilipofikwa na kifo. Macho mekundu yaliyosababishwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi yamefanywa kuwa ushahidi. Aliyekuwa karibu na kitanda cha mgonjwa, akimpa chakula na dawa kwa mkono wake, ndiye wa kwanza kuangukiwa na mnong'ono. Mwenyekiti au katibu anaposimama hadharani siku ya mazishi na kutamka kwamba mama huyu amemwuguza marehemu kwa miaka kadhaa na chama kinamshukuru, neno hilo lina nguvu kuliko linavyodhaniwa. Mnong'ono ukizidi kuwa vitisho, taarifa itolewe mara moja kwa serikali ya mtaa au kijiji na kwa polisi.

Hatari ya tatu ni mali. Wakati wa ugonjwa, mwuguzaji ameuza mbuzi, amekopa katika chama cha akiba na mikopo, na pengine ameishi katika nyumba isiyo yake. Baada ya kifo deni linabaki kwa jina lake, huku nyumba ikizungumzwa na wengine. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimweka binti katika daraja la tatu la warithi, nyuma ya kaka zake, na mawazo hayo yangali katika vikao vingi vya ukoo. Binti aliyeuguza anaweza kujikuta amepoteza mama, kazi na paa katika mwezi mmoja.

MFANO KUTOKA NG'AMBO YA ZIWA

Mkoa wa Kagera uliyaona mambo haya mapema na kwa wingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa huko mwaka 1983. Kwa muda wa miaka zaidi ya 20, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure kwa wananchi mwaka 2004, maelfu ya wazazi waliwauguza watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima, wakawazika, na siku iliyofuata wakaamka kuwalea wajukuu. Kwao kuuguza hakukuacha nafasi ya kulia.

Mwaka 2003, huko Nshamba katika wilaya ya Muleba, lilianzishwa shirika liitwalo Kwa Wazee, ambalo lilianza kuwapa wazee wanaolea wajukuu posho ndogo ya kila mwezi. Kadhalika wazee hao walijipanga katika vikundi vya kusaidiana vya majirani. Fundisho lake kwa vyama vya ushirika ni la wazi: mzee aliyeuguza na kuzika alihitaji fedha kidogo zinazokuja kwa siku inayojulikana, na watu wachache wanaokuja kwa siku inayojulikana. Fedha peke yake zisingetosha, na maneno peke yake yasingenunua chumvi wala sabuni.

Fundisho lingine latoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza kina bibi wa kawaida mjini Harare wakae na wenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati, wawasikilize, na wawasaidie kuchagua tatizo moja la kulitatua kwanza. Matokeo ya uchunguzi yaliyochapwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliosaidiwa na kina bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kila chama kina mayu mmoja au wawili wa namna hiyo, ambao watu huwaendea bila ya kuitwa.

MAMBO AMBAYO CHAMA KINAWEZA KUFANYA

Yafuatayo hayadai sheria mpya. Yanadai azimio la mkutano mkuu na katibu mwenye kumbukumbu nzuri.

1. Jina la aliyeuguza liandikwe. Katika daftari la misiba, chini ya jina la marehemu na la mwanachama aliyefiwa, katibu aandike ni nani aliyekuwa akiuguza na kwa muda gani. Mara nyingi huyo siye anayepokea rambirambi.

2. Rambirambi igawanywe. Sehemu itolewe siku ya mazishi, na sehemu iliyobaki ipelekwe nyumbani kwa aliyeuguza baada ya siku 40 au zaidi, wakati wageni wameondoka na unga umekwisha.

3. Ziara zipangiwe tarehe. Mtu akimwambia mfiwa kwamba akiwa na shida aseme, amemwongezea mfiwa kazi ya kuomba. Ni bora wajumbe wawili wapangwe waende mwisho wa mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, na pia siku ya kutimia mwaka. Wakae, wasikilize, wamtaje marehemu kwa jina.

4. Kazi irudishwe kidogo kidogo. Asipewe wadhifa mzito ili asahau. Apewe kazi yenye mwanzo na mwisho: kuhesabu magunia siku ya ununuzi, kusaidia kuandika stakabadhi, kupanga mbegu. Pamba hupandwa kuanzia katikati ya mwezi wa Novemba. Kikundi kikimsaidia kulima shamba lililolala kabla ya mvua, kwa desturi ile ile ya kulimiana kwa zamu iliyokuwapo Usukumani kabla ya ushirika wenyewe, atakuwa amepata sababu ya kutoka nje asubuhi.

5. Deni lizungumzwe kabla ya barua. Kamati ya mikopo imwite, ione alipo, na ipange upya marejesho kwa kadiri masharti ya chama yanavyoruhusu. Deni halifutwi kwa machozi, maana ni akiba ya wanachama wengine; lakini barua ya madai ikimfika katika wiki ya pili itamfungia mlango wa chama.

6. Warithi waandikwe mapema. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na masharti ya vyama humruhusu mwanachama kumtaja mtu atakayekabidhiwa hisa na akiba zake. Katibu apitie daftari kila mwaka na kuwauliza wanachama, hasa walio wagonjwa, kama jina lililoandikwa ndilo walitakalo. Wengi huandika jina ujanani na kulisahau.

7. Msaada uanze mgonjwa angali hai. Mtu mmoja akikaa na mgonjwa mchana mmoja tu kwa wiki, mwuguzaji atakwenda sokoni, kanisani, msikitini au mkutanoni. Siku ya msiba itamkuta akiwa bado ana marafiki.

WAKATI WA KUTAFUTA TABIBU

Huzuni si ugonjwa. Hata hivyo iko huzuni inayokataa kupungua. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, limeitambua hali ya maombolezo yaliyorefuka: huzuni kali inayoendelea zaidi ya miezi 6, kupita desturi ya jamii husika, hata mtu akashindwa kuendesha maisha yake. Mwanachama asiyekula, asiyeoga, aliyeanza kulewa kila siku, au anayesema hadhani kama anafaa kuendelea kuishi, asiachwe peke yake. Anayetamka neno la kutaka kufa asingojewe miezi 6. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, akisindikizwa na mtu anayemwamini. Hospitali ya Bugando ina wataalamu wa afya ya akili, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuonyesha njia. Kumpeleka huko si kumwita mwendawazimu.

NENO LA KUSEMA

Wanachama wengi hawaendi kumwona aliyeuguza kwa sababu hawajui la kusema. Wengine husema neno kama, "Sasa umepumzika," au, "Mungu amekutua mzigo." Nia yao ni njema, lakini yule aliyembeba mama yake hakumwita mama yake mzigo. Latosha neno fupi la kweli: "Pole, mayu. Tuliona ulivyomwuguza." Baada ya hapo yafaa kunyamaza na kumwacha aseme.

Ushirika wa kanda hii ulizaliwa penye mizani. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, walikataa kupunjwa, wakajipanga kupima mazao yao wenyewe, na mwaka 1955 wakaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Msingi wao ulikuwa kwamba jasho la mtu lipimwe kwa haki. Jasho la anayekesha na mgonjwa halipiti kwenye mizani wala haliandikiwi stakabadhi, na pasipo kukumbukwa na wenzake hupotea bure. Makatibu wanaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na kuanza na hatua iliyo nyepesi kuliko zote: kufungua daftari la misiba la mwaka huu, kutafuta ni nani aliyeuguza katika kila nyumba iliyotajwa humo, na kwenda kumjulia hali.